Kuchagua Mtoto wa Mbwa wa Kazi: Habari za Maarifa Yaliyotafutwa kwa Miaka Mia na Hamsini

Mtu akiinama juu ya kikapu chenye watoto saba wa mbwa, wote wa mama mmoja na wote wa umri wa majuma saba, hukabiliwa na swali ambalo macho peke yake hayawezi kulijibu. Anataka mmoja tu, naye anamtaka kwa kazi au kwa mashindano ya kazi: ama achunge kondoo mbele ya waamuzi, ama afuate nyayo shambani, atii amri na kumzuia mtu aliyejifanya mwovu. Itampasa kumlea, kumlisha na kumfunza kila siku, na jawabu la swali lake halitajulikana mpaka mwaka mmoja na nusu au miwili iwe imepita. Akikosea, miaka hiyo haimrudii, na mbwa naye atakuwa amelazimishwa kazi asiyoiweza. Mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa hutazama kiwele, na mnunuzi wa punda humfunua midomo akatazama meno. Lakini kitakiwacho katika mbwa wa kazi ni moyo wake, na moyo hauna meno ya kuhesabiwa.

Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi watu wa Ulaya na Marekani, na baadaye wa Afrika ya Kusini, walivyolitafuta jawabu la swali hili, wapi walipopata na wapi walipodhani wamepata kumbe bado. Najua kuwa kwa wengi wetu tuliolelewa pwani habari za mbwa si habari za kuzungumzwa sebuleni. Tulifundishwa kumwepuka, na chombo alichokiramba tukakiosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo sheria ile ile iliyotufundisha hivyo ilimtoa katika katazo mbwa wa kuwinda, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba, maana yake ilitambua kwamba mbwa mwenye kazi ni mbwa wa namna nyingine. Nao wasasi waliotuachia methali walikuwa na rai yao: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Msomaji aitazame vizuri methali hiyo. Yasema kwamba ukali wa mbwa watoka kwa bwana wake. Haikutaja mama wala baba wa mbwa. Je, ni kweli? Historia nitakayoieleza ni mabishano marefu juu ya neno hilo moja.

Yafaa tuanzie Wales. Tarehe 9 Oktoba, 1873, bwana mmoja mwenye ardhi, R. J. Lloyd Price, aliandaa mashindano ya mbwa wa kondoo karibu na mji wa Bala. Mbwa kumi walishindana mbele ya umati wa watu, na zawadi ikachukuliwa na Thomson, Mskoti aliyekuwa akiishi Wales, pamoja na mbwa wake Tweed. Jambo lilikuwa dogo, lakini matokeo yake hayakuwa madogo. Kabla ya siku zile mchungaji alimjua mbwa wake na mbwa wa jirani zake tu; aliposikia sifa za mbwa wa bonde la pili, alizisikia kwa maneno ya mwenye mbwa, na mwenye mbwa ni kama mwenye ngoma, haachi kuisifu. Sasa mbwa walikusanywa mahali pamoja, wakapewa kazi moja, wakaonwa na macho mengi. Kazi hiyo, kama ilivyo leo, ni kwenda mbali kwa kuzunguka, kuwafikia kondoo kwa nyuma, kuwaondosha pasipo kuwatisha, kuwaleta kwa mchungaji, kuwapeleka atakako na mwisho kuwatia zizini. Mwenye mbwa jike aliyetazama mashindano alijua akirudi nyumbani ni dume gani amtafutie.

Basi wachungaji wale hawakuanza kwa kuchagua mtoto. Walianza kwa kuchagua ndoa. Mfano ulio mashuhuri ni wa Adam Telfer wa Northumberland, kaskazini ya Uingereza. Alikuwa na dume jina lake Roy, mbwa mpole asiyekuwa na jicho kali. Alikuwa pia na jike jina lake Meg, mwenye haya, na jicho lake lilikuwa kali kupita kiasi. Neno hili “jicho” katika lugha ya wachungaji hao si kiungo tu. Ni ile hali ya mbwa kuinama, kunyamaza na kumkazia kondoo macho hata kondoo akasogea bila kuguswa. Kwa asili ni sehemu ya mawindo: mnyama awindaye hukazia macho, hunyemelea, hufukuza, kisha huuma. Wachungaji, kizazi baada ya kizazi, walibakiza mwanzo wa mawindo wakaupunguza mwisho wake. Meg alikuwa na mwanzo huo kwa wingi mno, hata ukamzuia kazi. Roy alikuwa nao kwa uchache. Telfer akawaunganisha, na mwaka 1893 akazaliwa Hemp.

Hemp alikuwa mbwa mtulivu, mwenye nguvu juu ya kondoo pasipo fujo. Alikufa mwaka 1901, lakini alikuwa amekwisha zaa watoto zaidi ya mia mbili, na leo ni shida kumpata mbwa wa jamii iitwayo Border Collie ambaye nasaba yake haifiki kwake. Mwaka 1906 ikaundwa jumuiya ya mbwa wa kondoo ya Uingereza na Uskoti, ambayo baadaye iliweka kitabu cha nasaba. Nasaba hiyo ilijengwa juu ya kazi. Rangi ya manyoya na umbo la masikio havikuwa na neno. Naona hili ni jambo kubwa, kwani katika zama zile zile mabwana wa mijini walikuwa wakiwapima mbwa kwa sura katika maonyesho, wakapata mbwa wazuri wa kutazamwa.

Walakini kuchagua ndoa hakukumaliza shida ya kikapu. Watoto wa tumbo moja hawalingani, kama tujuavyo hata sisi wanadamu. Tena silika ya kuchunga haionekani katika majuma saba. Hujitokeza baadaye, kwa mmoja katika mwezi wa nne, kwa mwingine karibu na mwaka. Mpaka leo wapo wachungaji wasemao kwamba ukishachagua wazazi vyema, fumba macho utie mkono kikapuni. Msomi akisikia hivyo hucheka, akadhani ni uvivu wa kufikiri. Tutaona kama kicheko hicho kilistahili.

Wajerumani waliingia katika shauri hili kwa njia nyingine. Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari wapanda farasi, alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe mwezi wa Aprili mwaka 1899, akamwona huko mbwa wa kondoo aitwaye Hektor. Akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, na mwezi ule ule yeye na wenzake wakaanzisha chama cha mbwa wa wachungaji wa Kijerumani, na Horand akawa wa kwanza katika kitabu chao. Stephanitz alijua kwamba makundi ya kondoo katika nchi yake yalikuwa yakipungua, na mbwa aliyepoteza kazi atapoteza akili baada ya vizazi vichache. Akamtafutia kazi mpya kwa polisi na kwa jeshi, na chama chake kikaweka mtihani wa kunusa nyayo, utii na ulinzi. Mtihani ule ulikuwa mlango wa uzazi: asiyeupita asizae. Ndio uliogeuka baadaye ukawa mchezo wenye mashindano ya dunia, nao tangu mwaka 2019 huitwa IGP. Mimi naona mgeuko huo una faida na hasara. Faida ni kwamba maelfu ya watu wasio polisi wala wachungaji huwapima mbwa wao hadharani. Hasara ni kwamba kipimo kikiwa ndicho kitafutwacho, watu huanza kuzalisha mbwa wa kupita kipimo, na mbwa wa kupita kipimo siye kila mara mbwa wa kazi.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta haja ambayo haikuvumilia kubahatisha. Askari wengi walirudi vipofu, na mwaka 1916 ikafunguliwa katika mji wa Oldenburg, Ujerumani, shule ya kuwafunza mbwa kuwaongoza. Mwanamke wa Kimarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akifuga mbwa wa Kijerumani mlimani Mont Pèlerin katika Uswisi, aliandika habari za mbwa hao katika gazeti la Marekani mwaka 1927. Kijana kipofu, Morris Frank, akasomewa makala ile, akamwandikia, akaenda Uswisi, akarudi mwaka 1928 na mbwa wake Buddy. Mahali pale Uswisi palifanyika jambo jingine ambalo halina sifa nyingi kwa watu lakini kwa mada yetu lina uzito zaidi: Elliott Humphrey na Lucien Warner waliandika katika madaftari tabia za kila mbwa na za wazazi wake, wakachapisha kitabu mwaka 1934 kuonyesha kwamba uwezo wa kazi waweza kuzalishwa kwa makusudi kama maziwa ya ng'ombe. Rai ya Telfer sasa ilikuwa na hesabu.

Sasa nafika California, ambako naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo palipozaliwa imani ambayo bado yatawala vichwa vya wanunuzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilianzishwa huko shule ya mbwa wa vipofu, ambayo baadaye ilihamia San Rafael. Mtu mmoja aliyejitolea kuisaidia, Clarence Pfaffenberger, aliandika kwamba mwanzoni mbwa 9 tu katika 100 walioingia mafunzoni ndio waliofaa kukabidhiwa kipofu. Fikiri maana yake. Mbwa 91 wamelishwa, wamefunzwa, wamepewa tumaini, kisha wakarudishwa. Na vipofu wakangoja. Wala haifai kulegeza kipimo, maana mbwa anayeshituka kwa honi ya gari humtupa bwana wake barabarani.

Pfaffenberger akataka msaada wa wanazuoni. Katika Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walikuwa wakiwachunguza mbwa wa jamii tano tangu kuzaliwa, wapate kujua tabia zipi ni za urithi na zipi ni za malezi. Mojawapo ya jamii hizo ilikuwa mbwa wasiobweka kutoka misitu ya Kongo, ambao Wazungu huwaita basenji. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kulijua neno hilo: ni ndugu wa shenzi. Hivyo mbwa aliyechangia elimu hiyo kubwa amebaki na jina la tusi, na wenye kulitamka Ulaya na Marekani hawajui.

Kwa mashauri ya Scott, watoto wa mbwa wa San Rafael wakaanza kupimwa kila juma tangu juma la nane hadi la kumi na mbili. Walitupiwa mpira ili ionekane kama wataurudisha, waliitwa, walifundishwa kukaa na kufuatana na mtu, na walionyeshwa vitu vigeni vya kuwashitua kidogo. Katika vipimo vyote hivyo, kile cha kurudisha mpira ndicho kilichoonekana kusema zaidi, na sababu yake yaeleweka. Mtoto anayekimbilia kitu ana hamu. Anayekileta kwa mtu ana hamu na pia anamtaka mtu. Mbwa wa kazi yampasa awe na vyote viwili, kwani mwenye hamu peke yake hukimbia zake, na mwenye mapenzi peke yake hulala miguuni. Kufika mwaka 1958, aliandika Pfaffenberger, mbwa 90 katika 100 walioingia mafunzoni walifaulu.

Kutoka 9 hadi 90! Habari hiyo ilienea, hasa baada ya kitabu chake kutoka mwaka 1963, na watu wakakamata neno moja tu: kipimo. Katika miaka ya 1970 na 1980 vikatungwa vipimo vya kufanywa asubuhi moja, na siku ya 49 ikasemwa kuwa siku ambayo akili ya mtoto imekamilika na bado haijaharibiwa na dunia. Mtoto hulazwa chali akashikwa, huinuliwa juu, hubanwa kidole cha mguu, hufunguliwa mwavuli mbele yake, na kila alifanyalo hupewa alama. Kisha mnunuzi huambiwa: huyu ni wa mashindano, huyu ni wa nyumbani, huyu atakusumbua.

Lakini kisa cha San Rafael hakikuwa cha kipimo peke yake. Katika miaka ile ile shule iliacha kupokea mbwa wa kila namna, ikazalisha wake wenyewe kutoka kwa wazazi waliothibitika. Tena iliwapeleka watoto wa mbwa katika nyumba za watu, wakalelewa na vijana, wakazoea ngazi, magari na kelele za jikoni. Mambo matatu yalifanya kazi, sifa ikapewa moja. Na Pfaffenberger mwenyewe ndiye aliyeandika ushahidi wa kuudhoofisha utabiri wa kipimo. Watoto waliofaulu vipimo, wakatolewa bandani kabla ya juma moja kupita, walifaa kwa kadiri ya 90 katika 100. Watoto waliofaulu vipimo vile vile lakini wakaachwa bandani zaidi ya majuma matatu, walifaa 30 tu katika 100. Alama zilikuwa sawa na damu ilikuwa ile ile. Banda peke yake ndilo lililowatenga.

Sababu ilikwisha onekana Bar Harbor. Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walieleza jaribio lao la kuwalea watoto wa mbwa katika uwanja wenye ua mrefu, wasimwone mwanadamu. Baadhi walitolewa kwa muda mfupi wakiwa na majuma machache wakaletwa kwa watu. Wengine waliachwa mpaka majuma kumi na manne. Hawa wa mwisho walikuwa kama wanyama wa mwituni. Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, wakaeleza kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili kuna mlango ambao mtoto wa mbwa hupitia kuingia katika jamii ya watu, na ukifungwa hufunguka kwa shida. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakuwa mbali na neno hilo.

Ilibaki kukiuliza kipimo chenyewe: je, watabiri? Katika Sweden, Wilsson na Sundgren walichapisha mwaka 1998 habari za watoto 630 wa mbwa wa Kijerumani waliopimwa wakiwa na majuma manane, kisha wakapimwa tena walipokuwa wakubwa. Alama za utotoni hazikuwafaa katika kubashiri nani atafaa kwa kazi. Mwaka 2014 wanazuoni wa Vienna wakachapisha uchunguzi wa Border Collie, yaani jamaa za Hemp, waliotazamwa wakiwa wachanga, kisha katika majuma ya sita na saba, kisha walipopita mwaka na nusu. Karibu kila kilichopimwa utotoni kilipotea ukubwani. Kilichosalia ni hamu ya kupeleleza mahali pageni. Kwa hiyo yule mchungaji mwenye kufumba macho hakuwa mvivu. Alikuwa amekwisha fanya uchaguzi wake miezi mingi nyuma, alipomchagua mama na baba.

Nisieleweke kusema kwamba mtoto hana la kutuambia. Katika Afrika ya Kusini, Slabbert na Odendaal waliwafuata mbwa wa polisi tangu utoto, wakaeleza mwaka 1999 kwamba kurudisha kitu katika juma la nane kulisaidia kubashiri mbwa atakayefaa. Ni mpira ule ule wa San Rafael. Na mwaka 2021 ilichapishwa Marekani habari ya watoto 375 wa mbwa wa huduma, wa umri wa majuma manane hivi: uwezo wao wa kufuata kidole cha mtu na kumtazama usoni ulitofautiana, na zaidi ya 40 katika 100 ya tofauti hiyo ilitokana na urithi. Hapa twarudi tena kwa wazazi, kwani kinachoonekana mapema kwa mtoto ndicho kilichokuwamo katika ukoo.

Basi mwenye kuchagua leo, akiwa ameisoma historia hii, aghalabu huanza mbali na kikapu. Huenda kumwona mama akifanya kazi, si kumwona amelala. Huuliza habari za watoto wa uzao uliotangulia, maana wao wamekwisha kua na hawawezi kuficha. Hudai vyeti vya nyonga na macho, na hapo huwa na hadhari na majina makubwa. Wiston Cap, dume wa Kiskoti aliyezaliwa mwaka 1963 na kushinda ubingwa mwaka 1965, alitafutwa kwa majike mengi sana hata damu yake ikaenea karibu katika jamii nzima. Na dume mmoja akizaa hivyo, kila kilichojificha ndani yake, chema na kibaya, huenea pamoja naye. Kisha ndipo mchaguzi hutazama watoto wamelelewa wapi: katika banda la kimya, au mahali penye sauti, sakafu za namna nyingi na mikono ya watu. Kikapu huja mwisho, na kazi yake ni kuondoa zaidi ya kuteua. Huondolewa anayeshituka asirudi upesi katika hali yake, na asiyemjali mtu kabisa. Kati ya wale waliobaki tofauti ni ndogo kuliko wauzaji wasemavyo.

Vikosi vingi vya polisi na forodha vimeukimbia utabiri huo wote. Vyanunua mbwa wa mwaka mmoja au zaidi, ambao hamu na ujasiri wao vimekwisha onekana. Na mbwa wanusao pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa hupimwa kwa kazi yao, hakuna anayeuliza walipata alama gani siku ya 49. Wanamichezo hawafanyi hivyo, kwa sababu wanataka kumlea wenyewe, nami siwalaumu.

Limebaki jambo moja ambalo methali ya wasasi na kitabu cha nasaba vyote havikulitaja. Mwaka 1997, katika Afrika ya Kusini, Slabbert na Rasa waliwaacha watoto wa mbwa wa polisi wakae na mama zao tangu juma la sita hadi la kumi na mbili, wakimwona mama akitafuta na kuleta kifuko cha dawa za kulevya. Wenzao, watoto wa majike yaliyofunzwa vile vile, hawakuonyeshwa kitu. Walipofika miezi sita wote wakapewa kazi ile, na waliokuwa wamemwona mama waliifanya vizuri zaidi, ingawa hakuna aliyekuwa amewafunza.